Kalulu na Kabundi wakutane tena

Vijana wetu wameanza kushindana mu kuandika hadithi za namna ya pekee. Sheria yake ni fupi: utwae mtu mmoja mu hadithi hii, na mwingine mu hadithi ile, uwakutanishe, kisha utuelezee kitu gani kimetokea. Wazazi wengine mu kambi wananungunika: «Mchezo tu. Mtoto anashika telefoni usiku mzima, kesho masomo hayaingie mu kichwa.» Sisi hatuseme hivyo. Lakini tuko na neno moja kwa vijana, na lingine kwa wazazi.

Kazi hiyo si mpya. Mu mwaka wa 1906, Mfaransa Maurice Leblanc aliandika namna Arsène Lupin, yule mwizi mwenye akili, alikutana na Sherlock Holmes, mpelelezi wa Waingereza. Conan Doyle, mwenye kumzaa Holmes mu vitabu vyake, alikataa. Leblanc akageuza herufi tu, akamwita Herlock Sholmès, na kazi ikaendelea. Tukumbuke basi: mtu wa hadithi iko na mwenyewe. Sheria ya inchi yetu ya 1986 inalinda kazi ya mwandishi mpaka miaka 50 kisha kufa kwake. Doyle alikufa 1930, Leblanc 1941. Watu wao wako huru leo. Lakini shujaa wa filme ya juzi si wako: kumcheza na barafiki, sawa, kumuuzisha, hapana.

Mwaka ule ule wa 1906, Union Minière ilizaliwa. Ilitafuta watu wa kazi Kasai, Ruanda-Urundi, na Zambia ya leo. Mu kambi nyumba ziligusana. Mubemba alikuja na Kalulu, sungura mjanja. Muluba wa Kasai alikuja na Kabundi, yule mdogo mwenye kumdanganya chui. Munyarwanda alikuja na Bakame. Bote batatu ni wadogo, bote wanashinda wakubwa kwa akili. Na luga ya kuwakutanisha ilikuwa Kiswahili. Mashindano ya leo, bankambo waliyaanza zamani, bila zawadi.

Neno kwa vijana ni hili. Tunasoma hadithi zenu: shujaa wa Marekani anapigana na shujaa wa Japani, na mu kurasa zote hakuna hata mtu mmoja mwenye kujua shimo, posho, ao mama anayekaa macho juu bwana yake hajarudia kutoka kazi ya usiku. Muko wageni mu nyumba mbili. Kati ya hao wawili, mmoja atoke kwetu! Lupin akifika huku kumwibia Kalulu mawe yake ya shaba, nani atamdanganya mwenzake? Hiyo ndiyo tunataka kusoma.

Na musiogope Kiswahili chetu. Mu 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville mu Kiswahili cha mji, sawa vile watu walisema. Mpaka leo wataalamu wa inchi za mbali wanaisoma. Yeye hakungoja mtu amwambie kama luga yake ni safi.

Kwa wazazi: mtoto hawezi kumuandika Kabundi kama hajamusikia hata siku moja. Wazee wenye kujua wanatuacha mmoja mmoja, na tunawazika pamoja na hadithi zao. Tunaomba usiku mmoja tu ku juma. Televisheni izimwe, nkambo aseme, mtoto aandike mu telefoni, ile ile tunayoigombania kila siku. Kama atashinda zawadi, vizuri. Kama hatashinda, hadithi itakuwa imebaki mu nyumba.