Lumbesa, mizani na mnada

Anayekwenda Katesh au Dongobesh kununua mazao kwa mbinu za msimu uliopita ajiandae kupata hasara. Kila upande umeshamsoma mwenzake.

Silaha ya mlanguzi ilikuwa lumbesa: gunia lenye kilemba, bei ileile. Mkulima naye akajibu, vitunguu swaumu vidogo chini, vikubwa juu. Mnunuzi akaanza kumwaga gunia zima kabla ya kulipa. Sheria ya Vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, lakini penye mizani ujanja huhamia kwenye mizani.

Mbaazi zilitoa somo ghali zaidi. India, mnunuzi mkuu, ilipoweka ukomo wa kuingiza zao hilo Agosti 2017, bei ilianguka. Waliolima kwa kufuata bei ya mwaka uliotangulia walibaki na mzigo.

Kisha ukaja utaratibu wa stakabadhi ghalani na mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Wapo wanaodhani ujanja umekwisha. Bado. Wanunuzi walewale wakikutana mnada baada ya mnada watasomana, na wakiwa wachache wataishusha bei bila hata kukaa kikao. Jibu la mkulima ni kuikataa bei na kusubiri mnada mwingine. Mwenye deni la mbegu na ada ya shule hawezi kusubiri, na wanunuzi wanalijua hilo.

Wenye mtaji mdogo wangeungana kuzabuni pamoja. Mzabuni mmoja mpya huvuruga hesabu za wakongwe wote.