Kauri Si Jiwe

Mkazi wa Mukuju, karibu na Tororo, yuko mbali na bahari kwa mamia ya kilomita. Lakini bahari haiko mbali naye. Katika karne ya 19 kauri kutoka Bahari ya Hindi zilitumika kama fedha nchini Uganda, na hata leo Waganda huita fedha ensimbi, jina lile lile la kauri.

Yafaa wananchi waelewe kwamba kauri si jiwe, bali ni nyumba ya konokono wa bahari. Angali hai, nyama yake hutoka na kuifunika nyumba hiyo kwa nje. Ndiyo maana hung'aa. Iliyolala ufukoni muda mrefu hufifia. Basi atafutaye kauri zing'aazo ili aziuze, humwua mwenye nyumba.

Hasara haiishii hapo. Konokono mkubwa ambaye gamba lake hupulizwa kama baragumu hula kiti cha pweza mwenye miiba, adui wa matumbawe. Konokono huyo akimalizwa, matumbawe hupoteza mlinzi, na samaki hukosa maficho na mahali pa kuzalia.

Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Ulinzi huo hautatosha iwapo sisi wa bara tutakuwa soko. Tunawasihi wasafiri wanaorejea kupitia Malaba wasinunue mapambo hayo. Mali ya bahari ni amana ya wote, wa pwani na wa bara, na amana hulindwa.