Vitabu vya Jabe Viingie Kwenye Simu: Majibu kwa Wanaosema Haiwezekani

Mtaani Jabe, ndani ya Bwiza hapa Bujumbura, hatuna uhaba wa maandishi. Zipo memwari za wanafunzi, vijitabu vya madrasa, mashairi, hadithi, historia za familia zilizotoka Ujiji, Rumonge na Uvira. Nyingi zimeshachapwa kwa Word, zimelala kwenye flashi na kwenye kompyuta za vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi. Imebaki hatua moja tu, ya kuzigeuza ziwe vitabu vinavyosomeka vizuri kwenye simu. Lakini kila hatua hiyo inapotajwa, watu hutoa sababu zilezile za kuiacha. Nazijibu hapa, kwa kuwa sababu hizo zinawanyima watu vitabu ambavyo tayari vimeandikwa.

Inayosikika zaidi ni hii: "PDF tunayo, hicho si kitabu cha simu?" Hapana. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na kusudi lake lilikuwa kuhakikisha ukurasa unatoka vilevile kwenye mashine yoyote na printa yoyote. Kwa kazi hiyo ni bora mpaka leo. Fomu, cheti, ramani, mtihani, kitabu kinachopelekwa kiwandani kupigwa chapa, vyote viende kwa PDF. Shida ni kwamba ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, na kioo cha simu ya kawaida kina upana wa sentimita 7 hivi. Ukurasa huo ukibanwa uingie kwenye kioo, herufi iliyochapwa kwa ukubwa wa 12 inaonekana kama ya ukubwa wa 4. Msomaji akiikuza, mstari unatoka nje ya kioo, na inambidi auvute kushoto na kulia, mstari baada ya mstari. Nani atamaliza kurasa 100 kwa mateso hayo? Halafu tunasema vijana hawapendi kusoma.

EPUB, aina ya faili iliyokusudiwa vitabu vya kusomwa kwenye kioo, imejengwa kwa wazo tofauti kabisa. Haibebi kurasa. Inabeba maandishi na habari za muundo wake: hiki ni kichwa cha sura, hii ni aya, hii ni picha, hii ni tanbihi. Programu ya kusomea ndiyo inayoyapanga maneno yaenee kwenye kioo kilichopo, kiwe kikubwa au kidogo. Mzee anakuza herufi kadiri macho yake yanavyotaka na mistari inajipanga upya. Anayesoma usiku umeme ukiwa umekatika anageuza kurasa ziwe nyeusi na herufi ziwe nyeupe. Kiwango chenyewe si kigeni wala si cha majaribio. EPUB ya pili ilipitishwa mwaka 2007, ya tatu mwaka 2011, na tangu 2017 kinatunzwa na W3C, shirika lilelile linalotunza viwango vya kurasa za intaneti.

Na kuna wasomaji ambao suala la PDF au EPUB kwao ni suala la kusoma au kutosoma kabisa. Asiyeona husikiliza simu ikimsomea. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kikafungwa ndani ya PDF ni picha tupu, na simu haioni neno la kusoma humo. Nairobi, kampuni ya eKitabu imeifanya EPUB kuwa njia ya kuwafikia watoto wenye ulemavu, hata ikaweka ndani ya vitabu video za lugha ya ishara ya Kenya kwa watoto viziwi. Hilo linawezekana kwa sababu EPUB ya tatu inapokea video na sauti. Kwa hiyo anayesema PDF inatosha, aseme pia inawatosha akina nani.

Wengine wanadai kazi hii inataka kompyuta ya gharama na programu za kununua. Dai hili linajibika haraka. LibreOffice ni ya bure, na tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018 inatoa EPUB yenyewe: unafungua faili ya Word, unachagua kuitoa kama EPUB, basi. Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, ni ya bure pia. Pandoc ya John MacFarlane, ya mwaka huohuo, ni ya bure na haihitaji mashine yenye nguvu. Google Docs inatoa EPUB tangu 2016. LibreOffice, Calibre na Pandoc zikishapakuliwa mara moja zinafanya kazi bila intaneti, na faili za kuziweka zinaweza kuhama kutoka kibanda kimoja hadi kingine kwa flashi. Hata undani wa kazi hauna uchawi. Faili ya docx, inayotumika tangu Word ya 2007, ni furushi la faili ndogo za maandishi lililobanwa, na EPUB nayo ni furushi la namna hiyohiyo. Kugeuza ni kufungua furushi moja na kulipanga jingine.

Sasa nije kwenye dai ambalo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linahitaji jibu refu: "Tulijaribu, kitabu kikavurugika." Ndiyo, kinavurugika. Vichwa vya sura vinapotea katikati ya aya, picha zinahama, orodha ya yaliyomo inaonyesha namba za kurasa ambazo hazipo. Lakini kosa si la EPUB wala la programu iliyogeuza. Kosa liliingia siku kitabu kilipochapwa.

Angalia jinsi tunavyochapa. Sura mpya ikitakiwa ianze ukurasa mpya, mchapaji anabonyeza Enter mara nyingi mpaka kishale kishuke. Kichwa kikitakiwa kikae katikati, anakisukuma kwa kubonyeza nafasi. Kichwa cha sura kinafanywa kichwa kwa kukolezwa wino na kukuzwa tu, na orodha ya yaliyomo inachapwa kwa mkono, nukta nyingi zikifuatwa na namba. Kwenye karatasi yote haya yanapendeza, kwa sababu jicho la mtu linaelewa. Programu haina jicho hilo. Kwake, kichwa kilichokolezwa wino ni aya kama aya nyingine, na Enter kumi na mbili ni aya kumi na mbili zisizo na kitu. Kwenye simu, ambako "ukurasa mpya" hauko pale mchapaji alipoukusudia, utupu huo unamtokea msomaji katikati ya habari.

Dawa yake ni mitindo. Kompyuta nyingi za hapa Bujumbura ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo mchapaji ataiona juu ya Word: "Normal", "Titre 1", "Titre 2". Jina la sura lipewe Titre 1. Vichwa vidogo ndani ya sura vipewe Titre 2. Aya za kawaida zibaki Normal, na nafasi kati ya aya iwekwe kwenye mpangilio wa aya, si kwa Enter. Sura ianzishwe ukurasa mpya kwa amri ya kukata ukurasa. Picha ziwekwe ndani ya mstari wa maandishi, zisielee pembeni. Maneno yaliyofungiwa ndani ya visanduku yatolewe humo, maana mara nyingi hupotea njiani. Tanbihi ziwekwe kwa amri ya tanbihi. Zikiwekwa hivyo, msomaji anagusa namba, anaona maelezo, anarudi alipokuwa, jambo ambalo karatasi haikuwahi kumpa. Jedwali pana lenye safu nyingi livunjwe liwe majedwali madogo au aya, kwa kuwa hakuna ufundi utakaolifanya lienee kwenye sentimita 7.

Kwa kitabu cha zamani ambacho kimeshajaa Enter, Word inazisafisha: kwenye dirisha la kutafuta na kubadilisha, tafuta ^p^p, weka ^p mahali pake, rudia mpaka ziishe. Baada ya hapo ni kupita kichwa baada ya kichwa na kukipa mtindo wake. Kitabu kilichopangwa hivi kinageuka kwa dakika chache, orodha ya yaliyomo inajitengeneza yenyewe, na kila sura inafunguka kwa kuguswa. Kabla ya kukigawa kikaguliwe kwa EPUBCheck, programu ya bure inayotaja kosa na mahali lilipo, kisha kifunguliwe kwenye simu halisi, tena simu ya bei ya chini.

Inasemwa pia kwamba lugha zetu zitaharibika. Kirundi na Kiswahili haziguswi hata kidogo, na alama za Kifaransa, é na ç na nyinginezo, zinapita salama kwa sababu EPUB inatumia Unicode, mfumo mmoja wa herufi za lugha nyingi. Kilichobaki ni kutaja lugha ya kitabu kwenye taarifa zake: sw kwa Kiswahili, rn kwa Kirundi, fr kwa Kifaransa. Ukiiacha faili ijitangaze kuwa ya Kifaransa, simu itamsomea msikilizaji Kiswahili kwa matamshi ya Paris. Wenye vijitabu vya dini wana haki ya kuuliza kuhusu Kiarabu. Aya ya Kiarabu ichapwe kwa herufi halisi za Unicode na ipewe mwelekeo wa kulia kwenda kushoto, isibandikwe kama picha. Maandishi yaliyochapwa kwa fonti za zamani zisizo za Unicode hayana njia ya mkato, yachapwe upya na mwalimu ayapitie irabu kwa irabu.

"Watu hawana intaneti ya kupakua vitabu." Riwaya nzima ya EPUB isiyo na picha haifiki megabaiti moja. Inapita kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu barazani, na ikishafika inasomwa bila mtandao wowote. Mradi wa African Storybook unatoa hadithi za watoto kwa Kiswahili katika EPUB, na mwalimu akizipakua mara moja anaweza kuzigawa darasa zima. Wenye Kindle nao hawajaachwa, kwani tangu 2022 Amazon inapokea EPUB zinazotumwa kwenye kifaa hicho.

Linabaki lile la wizi, nami silibezi. Faili ikitoka, inaweza kunakiliwa. Lakini kitabu cha karatasi nacho kinatolewa fotokopi, na PDF inasambazwa bila ruhusa kila siku. Mwandishi anayetaka kuuza ana haki ya kulinda kazi yake, na hakuna anayeruhusiwa kugeuza kitabu cha mwenzake bila idhini. Ninachokataa ni kuuficha mswada usomwe na watu watano kwa hofu ya kuibiwa na wa sita. Riwaya ya Roland Rugero, Baho!, ya mwandishi wetu wa Burundi, ilichapishwa Ufaransa mwaka 2012. Ni sifa kubwa kwetu. Lakini kitabu kinachotoka huko kinavuka bahari na bei ya euro kabla ya kufika Bwiza, na waandishi wengi wa mitaa yetu hata mlango huo hawatafunguliwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wachapaji wa Jabe, Bwiza na Buyenzi, kwa kuwa kazi hii iko mikononi mwao kuliko mwa mtu mwingine yeyote. Mteja akileta mswada, chapeni vichwa vyake kwa Titre 1 tangu ukurasa wa kwanza, na siku mnapomkabidhi karatasi zake, mpeni na EPUB kwenye simu yake. Nawe mwandishi, usiondoke kibandani bila kuidai.