Mwalimu wa Kemia Akiitwa Mgodini, Aende

NENO LA JUMAPILI
Na Neema Mwakalinga

Nimechoka kusikia walimu wa sayansi wanaoacha chaki wakiitwa wasaliti. Wiki hii nimelisikia tena neno hilo, msibani, kutoka kwa mzee ninayemheshimu sana. Kijana wetu, mwalimu wa Kemia na Baiolojia katika shule ya kata huku Kanda ya Ziwa, amepata kazi kwenye maabara ya mgodi wa dhahabu. Mzee anasema kijana kasomeshwa kwa mkopo wa Serikali, leo anawakimbia watoto wa maskini. Mama yake mzazi ana kilio chake kingine: “Mwanangu, kazi ya Serikali unaiachaje?”

Kijana huyo ananiita shangazi, kwa hiyo nami nimeulizwa. Nimemwambia aende.

Nilimtaka kwanza anieleze hiyo kazi yenyewe, maana watu wengi wakisikia mgodi wanawaza sururu na kofia ngumu. Mwamba uliotoka chini unasagwa mpaka uwe poda. Poda inachanganywa na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na silika, kisha inaingizwa kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 1,100 hivi. Humo risasi inayeyuka na kuzama, ikiikusanya dhahabu inakopita, na uchafu wa mwamba unaelea juu. Ikishapoa, kinapatikana kidonge cha risasi. Kidonge hicho kinawekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa au magnesia na kurudishwa motoni. Risasi inageuka oksidi, kikombe kinainywa karibu yote, na kinachobaki ni kichembe cha dhahabu na fedha ambacho ukipiga chafya unakipoteza. Kichembe kinayeyushwa kwa asidi mbili kali zilizochanganywa, na mashine inasoma mwamba ule una gramu ngapi za dhahabu kwa tani. Kwa namba hiyo mgodi unaamua lori la mawe liende kiwandani au likamwagwe kwenye kifusi.

Alipokuwa akinieleza, mikono ilikuwa inacheza. Metali, oksidi, asidi, yote hayo ameyafundisha kwa miaka, ila ameyafundisha ubaoni.

Shule yake ina maabara, tusiidhulumu. Ilijengwa wakati wa kampeni ya Rais Jakaya Kikwete iliyotaka kila shule ya kata iwe na vyumba vitatu, cha Fizikia, cha Kemia na cha Baiolojia. Wazazi walichanga, na wengine walibeba mchanga na mawe. Lakini elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 wanafunzi wakafurika, na vyumba viwili kati ya hivyo leo ni madarasa ya kawaida. Cha tatu kina meza za zege, sinki lisilo na maji na bureti zinazohesabika. Kemikali hununuliwa mtihani wa taifa wa vitendo ukikaribia. Mtoto anaishika pipeti kwa mara ya kwanza akiwa kidato cha nne, wiki chache kabla ya mtihani utakaoamua kama ataendelea na sayansi au la. Mwalimu aliyesomea Kemia chuo kikuu miaka mitatu anaishi hivyo mwaka hadi mwaka, na ujuzi wake unaozea kichwani. Anayemwita msaliti aingie kwanza kwenye chumba hicho.

Hata hivyo, kwenda si kukurupuka, na hapa nasema na vijana wenyewe. Mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira sio utakaoushika mkononi. Mapato yakishapita shilingi milioni moja kwa mwezi, kila shilingi inayozidi hapo inakatwa kodi ya asilimia 30. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Serikalini, kwenye mfuko wa PSSSF, mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri 15. Ukihamia sekta binafsi unaingia NSSF, ambako kwa kawaida mtumishi hukatwa 10. Piga hesabu: katika kila shilingi 100 za juu ya milioni, NSSF inachukua 10, kodi inachukua 27 kwenye zile 90 zilizobaki, Bodi ya Mikopo inachukua 15. Unabaki na 48. Kijana wangu alikuwa ameshaanza kupanga kiwanja cha pili, tukakifuta.

Kuna pensheni pia. Ili ulipwe kila mwezi uzeeni unatakiwa uwe na michango ya miezi 180. Nenda PSSSF, nenda NSSF, upate majibu ya maandishi kuhusu miaka yako ya ualimu itakavyohesabiwa, na uyapate kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, kaa na benki mapema, kwa sababu siku mshahara wa Serikali unapokoma deni linabaki palepale. Na uangalie mkataba mpya ni wa muda gani. Kazi ya miaka miwili yenye mshahara mnono na kazi ya kudumu hazipimwi kwa mizani moja. Mama anayelia hajui mambo ya NSSF, lakini hilo analijua vizuri, na hajakosea.

Liko lingine ambalo fedha hailifidii. Pale kijijini kijana huyu anasalimiwa “shikamoo mwalimu” hata na watu wazima kuliko yeye. Kule atakuwa mgeni kwenye zamu ya usiku, akielekezwa kupima sampuli na kijana wa stashahada aliyemtangulia kazini. Namwomba alikubali hilo kwa moyo mweupe. Anayejua kufundisha anajua pia namna ya kufundishwa.

Wanafunzi wake je? Hao ndio wanaoniumiza, na siwezi kujifanya hawapo. Lakini shule haiponi kwa kumfunga mwalimu mguu. Sheria ya madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inautaka kila mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo lake. Mipango hiyo tumeiona ikijenga madarasa, zahanati na visima, na ni vizuri. Sijasikia diwani akisimama kudai kemikali za mwaka mzima, maji kwenye sinki la maabara, na posho kwa wataalamu wa mgodi waje kuendesha masomo ya vitendo siku zao za mapumziko. Kijana wangu ameniambia akiitwa atakuja, na naamini wapo wengi kama yeye waliotoka madarasani.

Waheshimiwa madiwani wa halmashauri zenye migodi, mpango wa mwaka ujao utapita mikononi mwenu. Kabla hamjaukubali, nendeni kwenye shule moja ya kata, mwombeni mkuu wa shule awafungulie maabara, kisha mfungue bomba mwone kama maji yanatoka.