Tusiende Mbele ya Meneja Bila Majibu



Zamani katika mashamba ya miwa na chai hapa Uganda, kuajiriwa kulikuwa jambo la dakika moja. Nyapara alisimama getini, akatazama mabega ya watu, akanyosha kidole: wewe, wewe na wewe. Siku hizi hata mtu wa kufunga maboksi huitwa ndani, akakalishwa, na meneja akaanza kumwuliza maswali. Wako wenzetu wasemao kwamba kutayarisha majibu ni mambo ya makarani na chama kisijishughulishe nayo. Sisi hatukubali. Katika chumba kile mshahara wetu hupunguzwa kabla hata mtu hajashika panga.

Chukueni swali hili: "Unataka mshahara kiasi gani?" Wengi wetu, kwa shida zilizopo nyumbani, hujibu: "Chochote utakachonipa, bwana." Laonekana jibu la adabu. Lakini watu ishirini wakijibu hivyo siku moja, meneja amekwisha jua bei ya jasho letu, na wenzetu waliomo ndani wakidai nyongeza wataonyeshwa foleni ya getini. Wala tusitegemee kima cha chini cha serikali. Kile kilichotangazwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, tena shilingi zile za kabla ya mwaka 1987, fedha ilipobadilishwa na sifuri mbili zikakatwa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada mpya, Rais akakataa kuutia sahihi. Basi kabla ya kwenda, mwulize katibu wa tawi, au mtu afanyaye kazi pale pale, kazi hiyo inalipwa ngapi. Kisha utaje kiasi hicho bila kutetemeka.

Ukiambiwa, "Jieleze," usianze na kijiji, ukoo na idadi ya watoto. Eleza kazi. Mchuma chai aseme huchuma kilo ngapi kwa siku. Aliyekuwa kiwandani aseme alikuwa kwenye mashine gani na kwa miaka mingapi.

Swali la mashine ndilo linalotutia hofu zaidi. "Unaweza kuiendesha hii?" Njaa yasema ndiyo. Lakini kinu cha miwa hakimngojei mtu ajifunze, na ajali ikitokea utaambiwa wewe mwenyewe ulisema unajua. Afadhali ujibu: "Hii sijaiendesha, ila nimefanya kwenye mashine nyingine, nikionyeshwa nitaiweza." Kama kazi ni kunyunyizia dawa, uliza hapo hapo kama kuna glavu, buti na kinga ya uso. Meneja mwenye akili hatakasirika. Akikasirika, amekwisha kukuonyesha kazi yake ilivyo.

Kina dada nao huulizwa kama wana mimba, au kama mume atakubali zamu ya usiku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi wa jinsia kazini. Jibu moja latosha: "Zamu nitaifanya." Habari za tumbo si za meneja. (Na wanaume mnaocheka tawini kina dada wanapoyajaribu majibu haya, acheni.)

Liko pia lile swali la kichini chini: "Wewe ni mtu wa chama?" Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Na Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1963, unakataza kumpa mtu kazi kwa sharti la kukikana chama. Mwenye moyo aseme: "Hiyo ni haki yangu, tuzungumze kazi." Mwenye watoto wenye njaa akinyamaza, sisi hatumlaumu. Ila asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote ya kuahidi kutojiunga. Akipewa karatasi ya namna hiyo, amwarifu katibu siku ile ile.

Tunapendekeza kila tawi litoe nusu saa katika mkutano wa Jumapili: mmoja awe meneja, mwingine mwomba kazi, wengine wasikilize na kusahihisha. Na kila atokaye kwenye mahojiano alete tawini maswali aliyoulizwa, hata kama kazi hakuipata, maana juma lijalo kuna mwenzake atakayekalishwa kwenye kiti kile kile.