Taa za bodaboda: faini peke yake haitaziwasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nami nitoe maoni yangu juu ya pikipiki zinazotembea jioni na usiku zikiwa na taa ya mbele tu, bila indiketa wala taa ya breki.

Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, usafiri huu umekuwa tegemeo la wananchi wa Milima ya Uluguru. Mgonjwa wa Kinole, ndizi za Matombo na mboga za Mgeta hushuka mjini Morogoro kwa bodaboda. Lakini upande wetu wa mashariki jua hujificha mapema nyuma ya milima, mvua ni nyingi na barabara ina kona kali. Mzazi mmoja wa kijijini kwetu aligongwa kwa nyuma akiwa abiria, pikipiki ilipopunguza mwendo ili ikate kona. Dereva wa gari hakuona ishara yoyote. Mzazi huyo alivunjika mguu na msimu ule hakulima. Watu wengi walisema ni uzembe wa kijana wa bodaboda, wakaishia hapo.

Mimi naona tutazame chanzo. Katika pikipiki nyingi za huku, taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini. Ndiyo maana hung'aa dereva akivuta mafuta na kufifia akipunguza. Indiketa, honi na taa ya breki hutegemea betri. Betri ikifa, kijana hupiga kiki, injini inawaka, taa ya mbele inawaka, naye hudhani chombo ni kizima. Taa ya breki iko mgongoni kwake, hawezi kuiona.

Kuchunguza si kazi ngumu. Kwanza apige honi. Honi na indiketa zikinyamaza pamoja, atazame fyuzi na betri. Honi ikilia lakini indiketa zote zikakataa, atazame flasha na swichi yake. Indiketa za upande mmoja zikipepesa haraka kuliko kawaida, mara nyingi glopu moja imeungua au waya wake umeachia. Taa ikififia, aangalie waya unaofungwa kwenye bodi, kwani mvua zetu huleta kutu. Asugue kwa msasa na kukaza. Glopu zikiungua kila mara, rektifaya ipimwe. Injini ikiwaka, betri ya volti 12 hutakiwa kupata kama volti 14; zikizidi 15, umeme umepita kiasi, na kubadili glopu ni kutupa fedha.

Kadhalika, tabia ya kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ikomeshwe. Fyuzi huungua ili kuokoa nyaya. Ikiondolewa, zinazoungua ni nyaya zenyewe, jirani na tangi la petroli.

Sasa, kwa nini ubovu huu unaendelea? Vijana wengi huendesha pikipiki za watu wengine na hupeleka hesabu kila siku. Siku ya kukaa kwa fundi ni siku ya deni, kwa hiyo kijana hutengeneza kile tu kinachomzuia kutembea. Taa ya breki haimzuii. Akikamatwa mjini hulipa faini, kisha hupanda mlima jioni na ubovu ule ule, tena akiwa amepungukiwa fedha ya glopu.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, wenye pikipiki wabebe gharama ya taa, na siku ya matengenezo isihesabiwe deni. Pili, vikundi vya bodaboda vichange na kununua mita moja ya kupimia umeme, na kila wiki wakaguane taa hapo kijiweni. Mmoja akanyage breki, mwenzake asimame nyuma. Tatu, askari wa usalama barabarani wakikuta ubovu mdogo, wampe dereva muda wa kutengeneza na kurudi kuonyesha, maana sheria ilitungwa kulinda maisha. Nne, VETA wafikirie kuleta mafunzo mafupi ya umeme wa pikipiki huku tarafani, kwani mafundi wetu wengi wamejifunza kwa kutazama.

Sisi walimu nasi tusikae kando. Tunawafundisha watoto njia ya umeme kwa betri, waya na glopu. Hakuna kinachotuzuia kuwatoa nje ya darasa wakaione njia hiyo hiyo kwenye pikipiki, kwani wengi wao ndio madereva wa kesho.

Nawaomba wahusika walitazame jambo hili kabla ya mvua za masika.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Matombo, Morogoro.