Makarani Waliotuchezea Magongo

Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 1964, bendera ya Kenya huru ilipita kwa mara ya kwanza mbele ya mataifa katika michezo hiyo. Aliyeibeba alikuwa mzaliwa wa Mombasa, Seraphino Antao, mtoto wa Wagoa, ambaye miaka miwili kabla yake alinyakua medali mbili za dhahabu mjini Perth katika mbio za yadi 100 na yadi 220. Baadaye alihamia London, akafia huko mwaka 2011. Kijana wa leo akilisikia jina hilo hudhani latajwa jina la mgeni.

Tunamtaja Antao kwa kuwa nyuma yake walikuwako wengi wasiojulikana hata kiasi hicho. Timu yetu ya magongo ilishika nafasi ya sita huko Tokyo, na sehemu kubwa ya wachezaji wake walikuwa Wagoa na Masingasinga. Mgoa wa zama zile tunamkumbuka vema: asubuhi alikuwa karani wa serikali, amefunga tai, akijaza madaftari makubwa kwa mwandiko usio na doa, saa kumi na moja jioni alikuwa kiwanjani na gongo mkononi. Hakulipwa hata senti kwa kuichezea nchi. Akitakiwa kusafiri na timu, ilimbidi kwanza amwombe ruhusa mkubwa wake wa kazi.

Hatusemi kwamba mambo yalikuwa ya haki. Serikali ya kikoloni ililipa mishahara kwa kufuata rangi, na karani Mwafrika aliwekwa chini ya Mhindi na Mgoa. Uhuru ulipopatikana ilikuwa lazima mwenye nchi apewe nafasi yake, na hilo hatulionei haya. Lakini waliopewa miaka miwili kuomba uraia, hadi Desemba 1965, wengi wao walisitasita; kisha ikaja sheria ya uhamiaji ya mwaka 1967, na Uingereza nayo ikaubana mlango wake mwaka 1968. Karani aliyeujua uwanja wa City Park kama kiganja cha mkono wake akajikuta Toronto, akiianza kazi upya katika theluji. (Gongo lake, twaamini, alilifungasha.)

Mwaka 1971 Kenya ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia huko Barcelona. Tangu Seoul, mwaka 1988, timu yetu ya wanaume haijarudi Olimpiki.

Waliosalia sasa ni wazee sana. Twawaomba wakuu wa mchezo huu wawatafute, hapa na ng'ambo, wayaandike wanayoyakumbuka, wazikusanye picha zilizomo masandukuni mwao. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji karani mmoja mwenye mwandiko mzuri, na ianze mwaka huu.